Injini Ndogo Kwanza

Ujumbe wa Faustini Gama uliingia nikiwa nimeinamia cherehani, na kwa kuwa yeye si mtu wa kuandika ovyo, nilijua ni msiba hata kabla sijaufungua. "Mhehe, shemeji yangu Galina ametutoka leo asubuhi. Njoo uzuie jeneza." Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri sketi yake akaniuliza kama naumwa. Mtu asiyejua utani wa Wahehe na Wangoni atadhani Faustini amenitukana. Hapana. Babu zetu walipigana mpaka wakachokana, na walipochoka wakaona heri kutupiana maneno kuliko kutupiana mikuki, nasi tumerithi maneno hayo. Kwenye msiba wa Mngoni, mimi Mhehe nina haki ya kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, kumsema vibaya akiwa ndani ya sanduku, na kukaa njiani jeneza lisipite mpaka nikombolewe. Mfiwa akinikasirikia, yeye ndiye mwenye makosa. Haki hiyo nimeitumia mara moja tu, mwaka 2017, katika nyumba moja ya Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Sasa nina duka langu la ushonaji huku Malvern, na mvi zimeanza kuniingia kando ya masikio, lakini siku ile nilifunga duka mchana, nikaketi nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikauacha mwaka ule unijie wote.

Hunijia taratibu, na daima kwanza huja rangi. Nyuma ya nyumba ile, ng'ambo ya barabara, kilikuwepo kilima cha mchanga wa njano uliotolewa migodini zamani za mababu wa watu wengine. Mwezi wa nane upepo ukivuma, mchanga huo uliingia jikoni, ukatua juu ya meza, juu ya sukari, juu ya kope zetu, na mwanga wa alasiri ukipita katikati yake jiko lote lilikuwa la njano, hata sauti za watu nilizisikia kana kwamba zimefunikwa kitambaa. Katika mwanga huo namwona mzee mrefu aliyekonda, ovaroli ya bluu imefungwa vifungo mpaka shingoni, na mwanamke mfupi wa Kizungu mwenye mikono minene ya kazi, amejifunga kanga kiunoni na kitambaa kichwani, akikatakata kabichi. Huyo mzee ndiye Mzee Gama, Mngoni wa Songea, na huyo mwanamke ndiye Mama Galina, mke wake, Mrusi.

Nilifikishwa kwao na Mama Furaha, fundi Mkongo wa kutoka Kalemie aliyekuwa ameniajiri kwenye chumba chake cha cherehani mtaa wa pili. Alikuwa amesikia wanapangisha chumba cha uani. Mzee Gama alinipokea kibarazani na swali moja. "Wa wapi wewe?" Nikamwambia Iringa. "Mhehe?" Nikasema Mhehe, tena wa kuzaliwa. Akageukia ndani akapaza sauti, "Galya! Mwambie jirani afunge mbwa wake, hawa wala mbwa wameingia mpaka Rosettenville!" Nikamjibu kwamba sikujua Mngoni ana uwezo wa kupanga nyumba, nilidhani kazi yao ni kukimbia tu. Akafurahi mpaka akakohoa. "Kukimbia? Bibi wewe, sisi tulitoka hukuhuku kwa Wazulu. Mimi nimerudi nyumbani kwetu. Mgeni ni wewe, na huyu Mrusi." Ndipo Mama Galina akatokea mlangoni akifuta mikono, akasema kwa Kiswahili cha Songea kisicho na doa, "Karibu mwanangu, usimsikilize. Chai iko tayari, ila humu ndani kuna sheria moja. Ukiita tingatinga la Kirusi katapila, hupati chai."

Nilidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Kwetu Tanzania kila mashine yenye minyororo badala ya magurudumu tunaiita katapila, iwe imetoka wapi, na jambo hilo lilimuuma Mama Galina kwa dhati. Alizaliwa katika mji ulio chini ya milima ya Ural, mji ambao kazi yake ilikuwa kutengeneza matingatinga, na watu wake walizaliwa, wakaoana na kustaafu ndani ya mlio wa honi ya kiwanda kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa majaribio. Mashine ikitoka kiwandani mpya, yeye na wenzake waliipanda, wakaipeleka uwanjani kwenye theluji, wakaizungusha, wakaisukumisha udongo ulioganda, wakasikiliza. "Masikio ndiyo kazi," aliniambia. "Macho yanadanganywa na rangi mpya."

Hivyo historia ya matingatinga ya Kirusi niliipata jikoni, nikimenya viazi, kwa vipande, wala si kwa mpangilio. Jumamosi alasiri ndipo alipopika vile vitonge vya unga vyenye nyama ndani, vinavyochemshwa majini, ambavyo Mzee Gama aliviita sambusa zilizozama. Vidole vyake vikikunja unga, mdomo wake ulisafiri. Alieleza kwamba mashine za mwanzo kabisa, zama za bibi yake, ziliigwa kutoka kwa Wamarekani, bolti kwa bolti, na zilitumia mafuta mepesi yaliyoshika moto upesi mno, mpaka baadaye wakatengeneza injini yao ya dizeli. Dereva wa wakati ule alikaa nje, hana mlango wala paa la maana, na wakati wa baridi alirudi nyumbani ndevu zimekuwa barafu. Kisha vita ikaja. Kiwanda kikaacha matingatinga, kikaanza vifaru, na mama yake, msichana mdogo aliyesimama juu ya boksi ili aifikie mashine ya kukereza vyuma, alikereza vyuma vya vifaru mpaka vita ilipokwisha. Watu walewale wakarudi kutengeneza matingatinga, makubwa kuliko ya kwanza, yenye kibanda cha kumsitiri dereva, nayo yakaenda kujenga mabwawa na kulima ardhi ambayo haikuwahi kuguswa na jembe. "Mashine ileile inayosukuma kifusi," alisema, "dada yake alikwenda kuua watu. Ndiyo maana sikupenda kuipakia rangi ya kijani." Akaviweka vitonge kwenye sinia, akaniomba chumvi.

Sikuzaliwa na hamu ya vyuma. Ukinieleza habari za injini mahali pengine popote, nasinzia. Ila kwa hawa wawili injini ilikuwa ndiyo habari ya mapenzi yao, na nani atasinzia? Mzee Gama alipelekwa kule akiwa kijana, pamoja na wenzake kadhaa, kujifunza kuendesha na kutengeneza tingatinga la T-100 na ndugu yake mpya T-130, kwa sababu Tanzania ilikuwa imeletewa mashine hizo kufungua mashamba ya serikali. Mwalimu aliyekabidhiwa alikuwa Galina. Ndani ya T-100 ya zamani hamkuwa na kiti cha mtu mmoja, mlikuwa na kiti kirefu cha kukaa wawili, tena kwa kubanana. "Serikali mbili zilishindwa kuona hatari hiyo," Mzee Gama alipenda kusema. Kitu cha kwanza alichomfundisha ni kuwasha. Injini kubwa ya mashine ile haiwashwi moja kwa moja, ni nzito mno na huko kwao kuna baridi ya kuvunja chuma. Ubavuni mwake kuna injini nyingine ndogo ya petroli. Unawasha hiyo kwanza. Mzee Gama alinionyesha kwa kikombe na jagi juu ya meza, akivisogeza vikaribiane. Maji yanayopoza injini ndogo ndiyo hayohayo yanayozunguka ndani ya kubwa, na moshi wa ndogo hupita kwenye bomba ambalo kubwa huvutia hewa, kwa hiyo ndogo ikinguruma hapo ubavuni, kubwa inapashwa joto ingali usingizini. Ndipo unaziunganisha, ndogo inaizungusha kubwa, na kubwa inaamka. "Mwenye haraka anaharibu," alisema. "Injini ndogo kwanza." Mama Galina alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria, lakini niliona mabega yake yakicheka.

Utani wangu nao ulipata chakula chake humo. Mama Galina ndiye aliyenipa siri hii, na Mzee hakumsamehe. Mzee alitangulia kurudi Songea, na mkewe akafuata miezi kadhaa baadaye. Alipofika shambani asubuhi moja ya Januari, alikuta mapipa ya maji yanachemka juu ya kuni, na foleni ya wanawake wenye ndoo. Mzee Gama alikuwa anamimina maji ya moto kwenye rejeta kabla ya kuwasha, na jioni anayamwaga yote yasigande, kama alivyofundishwa kule kwenye theluji. Maji yaliyobaki aliwagawia wanakijiji wakaogeshe watoto. Alikuwa amefanya hivyo mwezi mzima, jasho linamtiririka, na wasaidizi wake wote wakiamini ndiyo siri ya Warusi. "Walisema Januari!" Mzee alijitetea, akipiga meza. "Kwani Songea haina Januari?" Tangu siku hiyo, kila nilipochemsha maji nilimwita aje aweke kwenye rejeta.

Chumba changu kilipakana na chao kwa ukuta mwembamba, nami si mtu wa kuziba masikio. Niligundua kwamba walikuwa na lugha kwa kila kazi. Kiingereza kilikuwa cha benki na kliniki. Kirusi kilikuwa cha ugomvi. Kiswahili kilikuwa cha mambo laini, na wakikitumia nilikuwa nasogea karibu na ukuta, Mungu anisamehe. Jioni moja kabla baridi haijaanza, kikohozi cha Mzee kilikuwa kimemzidia, nilimsikia akisema, "Galya, nikifa utakwenda kwenu?" Mama Galina akauliza, "Kwetu wapi?" Naye, "Kwenu, kwenye baridi." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. "Chai yako inapoa," akasema. Nililala na maneno hayo. Hawakujaliwa mtoto. Wazazi wa Mama Galina walikufa zamani, na mji wake alikuwa hajauona kwa miaka mingi. Watoto wa mtaani walimwita gogo, yaani bibi, na kumsalimia kwa Kizulu, na duka la mkate la Mreno lilimwekea mkate mweusi bila kuagiza. Nikajiambia kwamba Mzee akiondoka, mahali pake ni hapa, na mimi nitakuwa naye. Kusema kweli niliyatamani maneno hayo kuliko nilivyoyafikiri. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani palikuwa na mtu aliyenimiminia chai kabla sijaomba.

Wakati wa kipupwe, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda, Mreno mmoja aliyezaliwa Msumbiji, mwenye yadi ya vyuma chakavu kusini zaidi ya mji, alimpigia Mzee Gama simu. Alikuwa amenunua mashine za shamba moja la zamani la Msumbiji, na miongoni mwake kulikuwa na T-170, mjukuu wa ile T-100. Wiki inayofuata ingekatwa vipande. Alijua Mzee angependa kuiona. Mume wa Mama Furaha alitupakia kwenye bakkie yake, pikapu ya wazi nyuma, Mzee mbele amejifunga blanketi, mimi na Mama Galina nyuma tumekumbatiana kwa baridi, na kila tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, watu walitushangaa. Yadi ilikuwa kimya. Ile mashine ilisimama peke yake mwishoni, ya njano iliyopauka, majani yameota kwenye minyororo, jembe lake la mbele limeegemea udongo. Mzee alitaka kupanda akashindwa. Pumzi hazikutosha. Akaketi juu ya pipa la mafuta, akasema, "Galya, nataka kuisikia."

Mreno alicheka kwa upole, akasema imekaa miaka, haitawaka. Mama Galina aliomba petroli, dizeli, maji na spana, akaikaza kanga yake juu ya suruali, akapanda kwenye mnyororo. Alishinda humo mpaka jua likasimama juu yetu. Alisafisha kabureta kwa mswaki, akafuta plagi kwa pindo la kanga, akapuliza mirija kwa mdomo na kutema mafuta. Mimi nilikaa kibandani kushika mkono wa chuma niliooneshwa, bila kujua wa nini. Kisha akaizungushia injini ndogo kamba, akavuta. Akavuta tena. Nilihesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Mreno alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kumpoza ndipo injini ndogo ikapiga chafya, ikakohoa moshi wa bluu, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba ya ukali, na nikauona uso wa Mama Galina ukiwa uso wa msichana. Hakufanya haraka. Aliiacha ilie. Mzee Gama alikuwa amefumba macho, kidole kimoja juu, anasubiri, na sote tukasubiri pamoja naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua maji yale yanazunguka wapi. Halafu akakishusha kidole. Mama Galina akaziunganisha, kitu kizito kikaanza kugeuka chini ya miguu yangu kama ng'ombe anayejigeuza usingizini, akanipigia kelele niachie mkono, nikaachia, na moshi mweusi ukaruka juu ya yadi na injini kubwa ikaamka. Ardhi ilitetemeka. Meno yangu yalitetemeka. Mzee Gama alisema kitu kwa Kirusi ambacho hakikuwa cha ugomvi, akasikiliza kitambo, kisha akainua mkono. "Zima. Inatosha." Njiani kurudi Mama Galina alishika mkono wangu mpaka tukafika nyumbani.

Mzee Gama alifariki mvua za kwanza zilipoanza, mchana kweupe, kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni. Ukiniuliza nini kilifuata siku mbili za mwanzo, sikumbuki ila sufuria. Watanzania wa Johannesburg walikuja, Wakongo wa kanisa la Mama Furaha walikuja, viti vilikodishwa, na Mama Galina akawekwa chumbani juu ya godoro, amefunikwa kanga, kama wajane wanavyowekwa. Kisha Faustini akafika kwa ndege kutoka nyumbani, mdogo wake Mzee, suti ya kahawia, rozari mkononi, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa mtu wa adabu. Nasema hivyo kwa sababu hadithi hii haina mtu mbaya. Aliita wanaume sebuleni, nami nilikuwa jikoni na Mama Furaha tunachambua mchele, mlango uko wazi. "Kaka yangu ni wa Songea, atalala Songea," alisema. "Baba yetu yuko pale, mama yuko pale." Wanaume wakaitikia. "Na shemeji?" mmoja akauliza. "Shemeji tumemshukuru sana. Hana mtoto, hapa atakaa na nani? Ukoo utamkatia tiketi arudi kwao." Wakaitikia tena, kwa huruma kabisa. Hakuna aliyeinuka kwenda chumbani kumuuliza mwenye mume. Mama Furaha aliweka ungo chini. "Waone," akaninong'oneza. "Muzee banamupeleka, na mama banamurudisha kama mzigo. Si weye uko mutani yabo? Fanya kintu!"

Niliogopa. Nilikuwa msichana, mpangaji, tena wa kabila jingine, na sebuleni mlikuwa na wanaume wazima na padri. Nikajiambia kwamba Mama Galina anastahili kaburi la mumewe liwe mahali anapoweza kufika kwa miguu na maua mkononi, na kwamba wakimtoa Mzee katika nyumba ile wamemtoa na yeye. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine, iliyokuwa chini yake, ni kwamba sikutaka kubaki peke yangu.

Siku ya kuondoka, jeneza lililetwa nyumbani kutoka mochwari, likawekwa sebuleni, tukasali, na mchana wanaume sita wakaliinua kulipeleka kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege. Hapo nikatoka uani. Nilikuwa nimevaa ovaroli ya bluu ya Mzee, imefungwa mpaka shingoni, mikono nimeikunja mara tatu, kofia yake imenizama mpaka kwenye nyusi. Nilikohoa kikohozi chake. Wanawake wakapiga ukelele. Nikamwita kwa jina, nikamwambia wewe Mngoni uliyechemshia trekta uji, leo unakwenda wapi na hujamwaga maji ya rejeta, Januari imekaribia! Watanzania wakaangua kicheko wakati machozi yanawatoka, na Wakongo wakaulizana kama nimepagawa. Kisha nikalala chini mlangoni, kizingiti mgongoni, nikanguruma, nikakohoa, nikazimika. "Mashine imezima," nikasema. "Jeneza halipiti."

Faustini alijua wajibu wake. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akatoa noti akaiweka kifuani pangu. Nikaisukuma. Akaongeza nyingine. Nikaisukuma nayo. Tabasamu likamtoka. "Mhehe, unataka nini?" Nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya Mzee, "Hii ni ya Kirusi, haiwaki kwa noti. Nyie mna haraka. Mmewasha ukoo, mmewasha padri, mmewasha ndege. Injini ndogo iko chumbani, mmeifunika kanga, na tangu juzi hakuna hata mmoja aliyeigusa. Injini ndogo kwanza!" Hakuna aliyecheka. Wale wanaume sita walisimama na uzito wa marehemu mabegani, wakimtazama Faustini. Angekuwa mtu mwingine angenipiga teke. Lakini mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo nguvu yake yote. Alivua miwani, akawaambia walirudishe jeneza mezani, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa chumba, akapiga magoti. "Shemeji," alisema, "mtani anasema hukuulizwa. Anasema kweli. Unataka kaka alale wapi?"

Nilisikia godoro likilia, kisha hatua. Mama Galina alitoka akiwa amevaa koti lake zito, ingawa siku ilikuwa ya joto, na mkononi ameshika mkoba uliokwisha kufungwa. Alikuwa amejiandaa, nadhani tangu ile siku ya kwanza, akingoja mtu mmoja aulize. Alimtazama Faustini aliyepiga magoti. "Mpelekeni Songea," akasema. Nikafumbua macho pale sakafuni. "Lakini ile tiketi mnayosema ya kwetu, kata ya Songea. Ural nilizaliwa tu, Faustini. Lile shamba niliking'oa kila kisiki chake pamoja na kaka yako. Nimelala hapo kwenye hema, nimeugua malaria hapo, mama yako amenifundisha kusonga ugali hapo. Mimi si shemeji wa kushukuriwa na kurudishwa. Mkichimba la kwake, pimeni na nafasi yangu pembeni." Faustini akafunika uso kwa viganja viwili, na kile kilio alichokuwa amekizuia tangu atue kikamtoka chote, kilio cha mtoto. Mmoja wa wanaume alikuwa ameshatoa simu anatafuta nafasi ndegeni. Jeneza likainuliwa tena. Mama Galina akatembea mbele yake mpaka mlangoni, akasimama juu yangu, akainama, akaniweka sawa ile kofia.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Haya, tupishe."

Nilikuwa nimelala pale ili abaki. Nikainuka, nikampisha.